Corolla iliyozimika Riat: uchambuzi wa kisa kimoja cha gari kuukuu

Mwalimu alifika gereji yetu ya Kondele, Kisumu, Jumamosi asubuhi, gari likinguruma bila neno. Aliegesha, akazima, akawasha tena, likashika mara moja. "Unaona, fundi," akaniambia, "ikifika kwako inajifanya nzuri. Panda nayo mlima wa Riat saa nane mchana ndiyo utaijua."

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini ya 5A-FE ya lita moja na nusu, gia za mkono. Bado ni mengi sana huku kwetu. Ni magari mavumilivu, spea zake haziadimiki, na fundi yeyote aliyekulia gerejini ameshafungua moja. Mwalimu anaishi karibu na Mbale, Vihiga, na anafundisha Kisumu. Asubuhi anateremka Majengo, Kiboswa, Riat hadi Mamboleo. Jioni anaupanda mlima ule ule kurudi nyumbani. Siku ambazo vipindi vyake vinaisha mapema, anaupanda jua likiwa kali. Kwa miezi minne gari lilikuwa likimzimikia, na karibu kila mara ni wakati wa kupanda. Mara ya mwisho lilikufa kwenye kona, lori la mchanga likiwa nyuma yake na wanawe wawili wakiwa kiti cha nyuma.

Watu wengi huchukulia gari kuzimika kama usumbufu tu. Injini ikifa gari likiwa linatembea, usukani wa pawa unakuwa mzito ghafla, na breki zinabaki na akiba ya kukanyagwa mara mbili tatu kabla hazijakuwa ngumu, kwa sababu msaada wake hutokana na uvutaji wa hewa wa injini hiyo hiyo. Kwenye kilima chenye malori, hilo si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Nilimwambia asibebe watoto ndani ya gari lile mpaka tulijue tatizo kwa jina lake.

Nilimwomba anitajie kila kitu kilichokwisha kubadilishwa, kimoja baada ya kingine. Alikuwa ameweka risiti zote kwenye bahasha, jambo lililonisaidia kuliko alivyodhani.

Fundi wa kwanza aliweka plagi mpya na waya zake, shilingi 5,200. Gari likazimika wiki hiyo hiyo. Wa pili akasema petroli imechanganywa, akashusha tangi, akalisafisha, akaweka filta mpya: 2,500. Shaka yake haikutoka hewani. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu ya uchanganyaji huo huo, na madereva hawajasahau. Lakini petroli mbaya haichagui saa. Gari lililojazwa petroli mbaya husumbua hata asubuhi, hukohoa, hukosa nguvu, na halijiponyi lenyewe baada ya nusu saa kando ya barabara. La mwalimu lilikuwa likijiponya.

Fundi wa tatu aliletwa na shemeji yake, naye ndiye aliyeukaribia ukweli kuliko wote, maana alilikuta gari likiwa limekufa. Alifungua swichi, akainama karibu na kiti cha nyuma, akatega sikio. Kimya. Akahitimisha kuwa pampu ya petroli imekufa, akaweka mpya kwa 6,800. Gari likakaa siku tisa bila kuzimika, kisha likafa pale pale Riat. Nilipomuuliza mwalimu hali ya hewa ya siku hizo tisa, alifikiri kidogo akasema ilikuwa mvua tupu.

Jumla ilikuwa 14,500, na kila kilichowekwa kilikuwa kizima na bado kinafanya kazi. Hasira haina faida hapa. Nataka nieleze kwa nini uamuzi wa yule fundi wa tatu ulionekana wa busara kabisa, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa hiki, na nimewaona mafundi hodari wakiingia kwenye shimo hilo hilo.

Kabla ya kugusa spana nilikaa na mwalimu kwenye benchi nikamuuliza linavyokufa. Sikuuliza linakufa lini. Hilo alikuwa ameshalisema kwa watu watatu. Niliuliza linakufa vipi. Linakohoa kwanza? Linatetemeka? Linapoteza nguvu polepole kama mtu anayechoka, au linakatika kama taa? Na likishakufa, ukipiga stata linajaribu kushika au linazunguka tu?

Kumbe alikuwa na magari mawili ndani ya gari moja. Asubuhi kukiwa na baridi, akifika kwenye matuta au makutano na kutoa mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka, inashuka, inazimika. Akipiga stata inashika papo hapo. Hiyo ni namna moja. Ya pili ni ile ya mchana: "Hiyo haikohoi, fundi. Inakatika tu. Kama mtu amezima swichi." Na baada ya hapo stata inazunguka kwa nguvu zote, injini haijibu hata kidogo, mpaka zipite dakika ishirini na tano au thelathini. Kisha inashika kana kwamba hakuna lililotokea.

Wale wote waliotangulia waliambiwa neno moja tu: inazima. Neno hilo lilikuwa limefunika maradhi mawili.

Akaniongezea kitu ambacho hakujua kina thamani. Siku ile ya kona, gari lilikuwa bado linasukumwa na mwendo wake, gia ya tatu ikiwa imo, lakini mshale wa mzunguko wa injini ulianguka hadi sufuri mara moja. Aliukumbuka kwa sababu alidhani dashibodi nzima imekufa, akaangalia taa zake, zikawa zinawaka. Fikiria: gia imo, magurudumu yanazungusha injini, kwa hiyo injini inazunguka, ila mshale unasema haizunguki. Mshale huo husoma mapigo ya umeme wa kuwashia. Petroli ikikatika, cheche zinaendelea kupiga na mshale hushuka pole pole pamoja na mwendo wa injini. Ukianguka kama jiwe gari bado linatembea, aliyekufa kwanza ni umeme wa kuwasha, wala si petroli.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na maelezo yote hayo masikioni, lakini ugonjwa wa asubuhi ulikuwa mbele yangu, rahisi, wa kushikika. Nilifungua bomba la hewa linaloingia kwenye injini, nikakuta mlango wa hewa umejaa masizi meusi mazito, na kijia cha hewa ya sailensi, yaani mwendo wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta, kimezibika zaidi ya nusu. Nikasafisha kwa dawa, nikakuta pia kimpira kimoja cha uvutaji kimepasuka shingoni, nikakikata na kukirudisha. Sailensi ikatulia, ikawa tamu. Nikamwachia gari aende nalo, nikijiambia kwamba huenda yote yalikuwa mamoja. Alhamisi mchana akanipigia simu akiwa Riat, na nyuma yake nasikia malori. Namshukuru Mungu alikuwa peke yake.

Jumamosi iliyofuata tukaanza upya, na safari hii nilikataa kugusa chochote gari likiwa zima. Tatizo linalokuja na kuondoka lina dakika zake chache za kuonekana. Gari la mwalimu lilikuwa likinipa dakika ishirini na tano tu, tena mlimani. Ilibidi twende tukazichukue huko, tukiwa na vifaa, tukijua mapema ni nini tutapima na kwa mpangilio gani.

Kwanza taa ya injini. Ukifungua swichi bila kuwasha, taa hiyo ya dashibodi lazima iwake, kisha injini ikishika izime. Hii haikuwaka kabisa. Nikatoa dashibodi, nikakuta glopu yake imeondolewa, tundu liko wazi. Nani aliiondoa, na miaka mingapi iliyopita, hatukujua. Hufanywa sana gari linapouzwa. Nikaweka glopu ya shilingi 50 na kwa mara ya kwanza gari likawa na ulimi.

Maana Corolla hii, ijapokuwa ni ya 1994, huandika makosa yake. Chini ya boneti pana kisanduku cheusi cha plastiki, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSTIC, na ndani mna vitundu vyenye majina. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya na kufungua swichi, taa ya injini huanza kupepesa, na unahesabu. Hakuna mashine ya kununua. Lakini kumbukumbu hiyo inategemea betri. Risiti na maelezo ya mwalimu yalionyesha kwamba kila fundi, kwa tahadhari nzuri tu, alianza kazi kwa kutoa kichwa cha betri. Kila mara ushahidi ulifutwa kabla haujasomwa.

Tulitoka Kondele saa saba na nusu, mimi, mwalimu na kijana wangu wa kazi. Nilikuwa na mita, plagi moja ya akiba, vipande vya waya, glopu ndogo ya kupimia, chupa mbili za maji, kitambaa, na pembetatu mbili za tahadhari. Tulipita Mamboleo jua likiwaka vizuri. Tukapanda mara ya kwanza, halikuzimika. Tukageuza Kiboswa, tukasimama dakika kumi na tano boneti ikiwa imefungwa. Nilikuwa na sababu: injini ikizimwa, maji yake huacha kuzunguka na upepo hukoma, kwa hiyo kwa muda fulani joto chini ya boneti huzidi lilivyokuwa gari likitembea. Kama kuna kitu kinachokufa kwa joto, hapo ndipo kinapopikwa. Tukashuka na kupanda tena. Kilomita chache juu ya Mamboleo, gia ya tatu, likakatika. Mshale sufuri. Mwalimu akaliteremsha taratibu hadi ukingoni, mkono wake ukiwa mtulivu kuliko wangu. Pembetatu zikawekwa nyuma, na nikaangalia saa: saa nane na dakika kumi na moja.

Nilianza na taa. Swichi ikafunguliwa, taa ya injini ikawaka. Maana yake kompyuta ya gari ina umeme, rilei kuu na fyuzi yake ni nzima. Nikaunganisha TE1 na E1. Taa ikapepesa mara moja. Ikatulia kidogo. Ikapepesa mara tatu haraka. Ikatulia kwa muda mrefu zaidi, kisha ikarudia: moja, tatu. Tulihesabu mizunguko minne ili kusiwe na shaka. Namba 13.

Kwenye gari hili namba 12 na 13 zote zinahusu alama ya mzunguko wa injini kutofika kwenye kompyuta. 13 ndiyo inayoandikwa alama hiyo ikipotea injini ikiwa tayari iko juu ya mizunguko 1,000 kwa dakika. Ingekuwa 14, ningeelekea kwenye koili ya kuwashia na kisanduku kinachoiamrisha. Tofauti kati ya 13 na 14 ni kubwa, kwa sababu vitu vyote hivyo vimekaa karibu karibu na vyote huchoka kwa joto, na ukikisia utanunua koili bure.

Lakini namba ya kosa huonyesha mtaa, haionyeshi nyumba. Nikaendelea. Kijana akapiga stata huku plagi ya akiba ikiwa kwenye waya wa silinda ya kwanza, imegusishwa kwenye chuma cha injini: hakuna cheche. Glopu ndogo kwenye soketi ya injekta: haipepesi, hakuna amri ya kumwaga petroli. Kisha pampu. Nikafungua swichi, kimya, vile vile alivyosikia fundi wa tatu. Halafu nikachukua waya wangu nikaunganisha vitundu vya +B na FP ndani ya kisanduku kile kile. Pampu ikalia hapo hapo, na nilipobana mpira wa petroli kwa vidole nikausikia ukijaa na kukaza.

Hapa nilimwita mwalimu aje asikie mwenyewe, maana pampu hiyo ilikuwa ya pesa yake.

Gari hili lina kichocheo kimoja kinachotawala vitu vitatu. Ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, mna gurudumu dogo la chuma lenye meno, linalozunguka pamoja na ekseli yake, na kando yake kuna koili ndogo sana ya waya mwembamba kama unywele, iliyozungushiwa sumaku. Kila jino likipita, koili hutoa kipigo kidogo cha umeme. Toyota huita alama hiyo NE. Kompyuta ikiiona NE, inajua injini inazunguka na kwa kasi gani, na hapo tu ndipo inapotoa amri zake: piga cheche, mwaga petroli, pampu endelea. Isipoiona, inachukulia kwamba injini imesimama. Na injini iliyosimama haipaswi kusukumiwa petroli. Fikiria gari limepinduka, mpira umechomoka, na pampu inaendelea kumwaga. Kwa hiyo kompyuta huinyamazisha pampu kwa makusudi, kwa usalama wako.

Sasa rudi kwa fundi wa tatu. Alikuta pampu kimya, na pampu ilikuwa kimya kwa sababu ilinyimwa amri. Kuna mtego mwingine juu ya huo: kwenye Corolla za umri huu, pampu hailii ukifungua swichi tu, hata gari likiwa na afya. Magari mapya mengi huisukuma kwa sekunde mbili tatu swichi inapofunguliwa, na sikio la fundi linazoea mlio ule. Akienda kwa AE100 na sikio hilo, kila AE100 itaonekana ina pampu mbovu. Ndivyo mtu makini, aliyefika wakati mwafaka na kupima kitu halisi, alivyomaliza akiuza pampu isiyohitajika.

Swali ambalo lingemwokoa lilikuwa moja: ni nini kingine kimekufa pamoja na pampu? Angeangalia cheche angekuta nazo hazipo. Pampu haiwezi kuua cheche. Cheche haziwezi kuua pampu. Vikifa vyote kwa pamoja, tafuta kilicho juu yao.

Ilikuwa imebaki nyumba yenyewe. Alama ya NE ingeweza kupotea kwenye koili, kwenye waya unaokwenda kwa kompyuta, au kwenye soketi. Nikachomoa soketi ya distribyuta, nikaweka ncha za mita kwenye pini za NE upande wa distribyuta yenyewe, ili waya wa gari usiwemo kabisa katika kipimo. Gari likiwa baridi asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilikuwa nimepima pini hizo hizo na kupata omu 421. Kipimo kinachotakiwa kikiwa baridi ni kati ya 370 na 550, kwa hiyo asubuhi ningeapa kwamba koili ni nzima. Sasa mita iliandika OL. Njia imekatika. Nikahamisha ncha kwenye pini za koili ya pili ya distribyuta hiyo hiyo, iitwayo G, ikasoma vizuri. Nikarudi NE: OL.

Saa nane na dakika ishirini na mbili. Nikamwambia kijana aloweshe kitambaa, akikamue kisawasawa, akizungushe kwenye mwili wa distribyuta peke yake bila kugusa kitu kingine. Ncha za mita nilizishikilia pale pale. Tulikuwa watatu tumeinamia mita, kisanduku kidogo cha manjano, malori yakipita nyuma yetu na kutikisa boneti. Kitambaa kikatoa mvuke. Tukalowesha cha pili. Mita: OL. OL. Kisha, bila onyo, 512. Ikapotea. Ikarudi: 509. Ikatulia, ikaanza kushuka moja moja, 506, 503, kadiri koili ilivyopoa.

"Imefufuka," mwalimu akasema, kwa sauti ya chini.

Nikarudisha soketi, akapiga stata, likashika. Lilikuwa limelala dakika kumi na tano tu badala ya ishirini na tano, na kila kitu kingine chini ya boneti kilikuwa bado cha moto wa kuunguza. Tulipoza kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichorudisha gari.

Kwa nini waya ufe na kufufuka? Waya wa shaba ndani ya koili hiyo umepita maelfu ya mizunguko ya kupata joto na kupoa katika umri wa gari hili. Hutanuka na kunywea, mahali fulani hupata ufa. Ukiwa baridi, ncha mbili za ufa hugusana na umeme unapita kama kawaida. Ukipata moto wa kutosha, vitu vilivyoushikilia hutanuka, ncha zinaachana kwa upana usioonekana, basi. Shaba pia huongeza ukinzani wake kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, ndiyo maana nilisoma 421 asubuhi na zaidi ya 500 ikiwa moto. Kupanda huko ni halali. Kuruka hadi OL si halali. Na sasa zile siku tisa za mvua zinaeleweka: pampu mpya haikuponya chochote, ila chini ya boneti hapakupata joto la kuufungua ufa.

Mlima wenyewe haukuwa na kosa. Kupanda Riat kwa gia ya tatu, mzigo ni mkubwa na mwendo ni mdogo, kwa hiyo injini inatoa joto jingi na upepo unaoingia ni kidogo. Asubuhi akiteremka, kinyume chake kabisa. Ndiyo sababu kila mtu aliyepanda naye alitafuta kasoro ya nguvu, ya petroli, ya plagi. Mlima ulikuwa ukitengeneza joto tu.

Ukarabati wenyewe ulikuwa mfupi. Koili ile haiuzwi peke yake kwa urahisi, hivyo tulitafuta distribyuta nzima ya mtumba kutoka Japani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kununua distribyuta kuukuu kwa ajili ya gari lililouawa na distribyuta kuukuu ni kucheza kamari kama hujapima. Muuzaji alikuwa nazo tatu. Nilimwomba ruhusa, nikaazima mashine ya kukaushia nywele kwenye saluni ya jirani yake, nikaunganisha mita kwenye NE ya kila moja na kuipuliza kwa dakika nane huku nikiangalia namba. Ya kwanza ilianza 415, ikapanda, na ilipokaribia 500 ikaruka OL, ugonjwa ule ule. Ya pili na ya tatu zilipanda taratibu na kubaki. Tukachukua ya tatu kwa sababu ekseli yake haikuwa na mchezo kabisa ilipotikiswa kwa vidole. Shilingi 6,500. Muuzaji aliitenga ile ya kwanza na kuiwekea alama ya rangi nyekundu, nami nilimheshimu kwa hilo.

Kabla ya kutoa ile ya zamani nilichora mstari wa rangi kati ya mwili wake na kichwa cha injini, na kuandika namba kwenye waya za plagi. Mpangilio wa kuwasha wa injini hii ni 1-3-4-2 na ukichanganya waya mbili utaanza kutafuta ugonjwa mpya uliouleta mwenyewe. Nikaweka mpira mpya wa duara kwenye shingo ya distribyuta. Nafasi kati ya meno na koili nikaipima kwa geji: milimita 0.3, ndani ya 0.2 hadi 0.4 zinazotakiwa. Kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, kwa taa, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Kuna mafundi wanaoikaza kwa sikio. Injini itawaka, ndiyo, lakini itapata joto zaidi au itagonga mlimani, na gari hili lilikuwa limeshapata joto la kutosha.

Tulipofungua ile ya zamani mezani, ndani ya kofia yake tulikuta utando wa oili, na chini ya koili matope meusi ya oili na vumbi. Oili ilikuwa ikipita kwenye sili ya ekseli, na nyingine ikidondoka juu yake kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu. Siwezi kusema oili ndiyo iliyokata waya. Lakini kitu chembamba namna ile, kilichokaa ndani ya oili ya moto kwa miaka, hakikuwa mahali pazuri pa kuzeekea.

Tulipanda Riat mchana siku tatu mfululizo. Siku ya tatu tulirudia mtego wetu, dakika kumi na tano Kiboswa boneti ikiwa imefungwa, kushuka, kupanda. Mshale wa joto la injini ulikaa mahali pake na mshale wa mzunguko haukutikisika. Nilisoma kumbukumbu ya kompyuta: taa ikapepesa sawasawa bila kukoma, mara mbili kwa sekunde, ishara kwamba hakuna kosa. Gari likarudi mikononi mwa mwalimu, na watoto wakarudi kiti cha nyuma.

Alinilipa kwa awamu mbili, na aliniuliza jambo moja: ile pampu ya zamani, aliyoambiwa imekufa, afanye nini nayo? Ilikuwa kwenye buti, imefungwa gazeti. Nilimwambia aitunze. Ile gasketi ya kifuniko cha valvu tuliiacha hadi mshahara, kwa kuwa haikuwa ya haraka. Mwezi ulipoanza alikuja akiwa nayo mkononi, tukaibadilisha jioni hiyo, na nilipopitisha kitambaa cheupe chini ya distribyuta kilitoka kikavu.